Maoni Yetu: Muuzaji wa ndama mkali asijifiche nyuma ya risiti

Kila msimu wa maonyesho ya kilimo unapokaribia, shule na vijana wanaofuga huanza kutafuta ndama wa kupeleka uwanjani. Wengine hununua kwenye mashamba makubwa, wengine kwa madalali. Sifa humwagwa: mama yake anakamuliwa ndoo tele, baba yake ni wa mbegu ya nje, mgongo umenyooka, miguu imekaa sawa. Fedha zinatumwa kwa M-Pesa, ndama anapandishwa kwenye pikapu. Wiki moja baadaye inabainika kwamba hashikiki. Akitiwa kamba anaruka, anapiga mateke, anamburuta mtoto matopeni, anambana mtu ukutani. Muuzaji akipigiwa simu ana jibu moja: ulimwona, ulimkagua, ulilipa, ukamchukua.

Jibu hilo halitoshi, na umefika wakati lisikubaliwe tena. Tabia ya ndama ni sehemu ya kinachouzwa. Anayeuza ndama wa maonyesho anajua kwamba mnyama huyo ataongozwa kwa kamba, mara nyingi na mtoto, katikati ya umati wa watu. Asiyeongozeka si ndama wa maonyesho, hata awe na umbo la kupendeza kiasi gani. Ni ndama wa kufugwa tu, na bei yake inapaswa kuwa ya ndama wa kufugwa tu.

Anayeujua uwanja wa Jamhuri Park, Nairobi, siku ya maonyesho ya Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, anaelewa uzito wa jambo hili. Bendi inapiga, vipaza sauti vinanguruma kila upande, miavuli inafunguliwa ghafla, watoto wanapita mbio na maputo. Katikati ya hayo ng'ombe hupitishwa mmoja mmoja, kila mmoja na mtu wake mwenye koti jeupe. Mwamuzi humzunguka mnyama polepole, akapapasa mbavu, akainama kutazama kwato, akarudi nyuma kumpima kwa macho. Muda wote huo kinachomzuia ng'ombe asikimbilie umati ni kamba moja na mkono wa mtu mmoja. Mtamba wa Friesian aliyetunzwa vizuri hukaribia kilo 300 akifikisha mwaka mmoja. Mwanafunzi wa Gredi ya 6 ana kilo thelathini na kitu. Mashindano ya nguvu kati ya hao wawili hayapo. Ama ndama amefundishwa kuifuata kamba, ama mtoto yuko hatarini.

Wauzaji hupenda kusema kwamba mnyama ana roho yake, si redio ya kurudishwa dukani. Kweli ana roho yake, na hatumtaki mtu yeyote adhamini kwamba ndama hatashtuka hata siku moja. Lakini ukali hauanguki kutoka mbinguni. Una asili yake, na sehemu kubwa ya asili hiyo muuzaji anaijua kabla mnunuzi hajaingia langoni.

Kwanza ni damu. Upole na ukali hurithiwa, na wafugaji waliokaa na ng'ombe hawahitaji maabara kuwaambia kwamba mama mkorofi huzaa ndama wakorofi. Nchini Marekani vyama vya wafugaji wa Angus na Limousin vimeliweka jambo hili kwenye hesabu: fahali hutangazwa pamoja na alama inayokadiria upole wa watoto wake, kama vile anavyotangazwa na alama za uzito. Ndama hupimwa akiwa kwenye krashi kwa kipimo cha 1 hadi 6. Namba 1 ni mnyama anayesimama kwa utulivu na kutoka taratibu, namba 6 ni yule anayeshambulia. Hakuna mtambo wa ajabu unaotumika. Ni mtu mmoja mwenye daftari, anayetazama na kuandika. Shamba linaloandika lita za maziwa asubuhi na jioni haliwezi kusema limeshindwa kuandika kwamba mtamba namba fulani aliruka ukuta mara mbili.

Kisha kuna malezi, na hapa ndipo penye mzizi. Ndama aliyezaliwa machungani, akanyonya kwa mamake hadi miezi saba, akamwona binadamu siku ya josho na siku ya sindano tu, amejifunza jambo moja kuhusu watu: wakija, huja na maumivu. Ng'ombe ana kumbukumbu ndefu ya mahali alipoumizwa na mtu aliyemuumiza. Sahiwal na machotara wake, ambao wengi hutoka kwenye mashamba ya malisho mapana, humkubali wanayemjua na kumkataa mgeni, na ukimtoa mmoja wao kundini peke yake ukamfungia kwenye kibanda cha shule huwezi kushangaa akivunja mlango. Ndama aliyenyweshwa maziwa kwa ndoo tangu siku za kwanza, akasuguliwa mgongo, akafungwa na kufunguliwa, huyo ni habari nyingine. Isipokuwa dume. Dume aliyelelewa kwa chupa peke yake bila wenzake hukua bila woga wa mtu, akamwona binadamu kuwa ng'ombe mwenzake wa kupimana naye nguvu. Anapofikisha mwaka na nusu huwa hatari kuliko yule wa machungani, hasa akiwa Jersey, ambao majike yao ni wapole na madume yao yanajulikana kwa ukali. Anayemuuzia mtoto dume wa namna hiyo kwa maneno kwamba "amezoea watu" anasema kweli nusu, na nusu hiyo inaweza kuua.

Mwisho yapo mambo ya mnunuzi mwenyewe, nayo tutayafikia. Kwa ukali wa damu na wa malezi, muuzaji ndiye mwenye habari na mnunuzi hana. Haki inaanzia hapo. Mwenye habari aseme.

Baya kuliko kunyamaza ni kuficha. Wapo wauzaji na madalali wanaomtembeza mnyama mwendo mrefu bila maji kabla ya mnunuzi kufika, ili amkute amechoka na kichwa kimeinama, aseme ni mpole. Na zipo dawa za usingizi za daktari wa mifugo, kama xylazine, ambazo kipimo kidogo humfanya ng'ombe mkali asimame ameduwaa, mate yakimtoka, kwa muda wa kutosha kabisa kulipwa na kupakia. Dawa hiyo ni ya daktari, kwa kazi ya daktari. Ng'ombe huelemewa nayo upesi kuliko wanyama wengi, na mtamba mwenye mimba pevu anaweza kuzaa kabla ya wakati kwa sababu yake. Anayeitumia kuuzia si mjanja wa biashara. Anamdhuru mnyama, anamwibia mnunuzi, na anamwekea mtoto mtego nyumbani.

Sheria inasemaje? Wengi wanadhani haisemi kitu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inaihesabu mifugo kuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Kanuni yake ya jumla ni kwamba mnunuzi ajiangalie. Lakini kifungu cha 16 kina mlango: mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi maalumu anayomtakia bidhaa, akategemea ujuzi wa muuzaji, na muuzaji akawa ni mtu wa biashara hiyo, basi bidhaa sharti iifae kazi hiyo kwa kiwango cha kuridhisha. Tanzania nayo ina sheria ya jina hilo hilo, na zote mbili zilitokana na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893. Kwa lugha ya zizini: ukimwambia mwenye shamba linalouza mitamba, "Nataka ndama atakayeongozwa na mwanafunzi wa miaka 12 kwenye maonyesho ya Nakuru, nichagulie," akakuchagulia, amebeba mzigo. Ukifika kimya, ukaonyesha kwa kidole yule mwenye madoa mazuri, ukalipa ukaondoka, mzigo ni wako.

Kuna mambo mawili zaidi katika sheria hiyo ambayo mnunuzi akiyapuuza anaumia. Ukimkagua mnyama, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Aliyemwona ndama akimpiga mchungaji teke mbele ya macho yake, akanunua, hana kesi. Na ukikaa na mnyama muda mrefu bila kumwambia muuzaji kwamba unamkataa, sheria inakuhesabu umemkubali. Wengi hukaa miezi mitatu wakitumaini atatulia, kisha wanapiga simu baada ya mtoto kuvunjika mkono. Kwa wakati huo mlango umeshafungwa.

Mwenye madai ya hadi shilingi 1,000,000 nchini Kenya anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Hahitaji wakili, anaweza kusema kwa Kiswahili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Mtamba wa laki moja unusu au laki mbili anaingia humo bila shida. Lakini mahakama haisikilizi sifa zilizosemwa langoni bila shahidi. Inataka maandishi, hata yawe ujumbe wa simu. Na hapa ndipo wanunuzi wetu wengi wanapoanguka, kwa sababu kilichoandikwa ni kiasi cha fedha na rangi ya ng'ombe, basi.

Ipo hatari nyingine katika maandishi. Mwaka 1878 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya nguruwe waliopelekwa sokoni Newbury wakiwa na homa, wakauzwa kwa masharti kwamba mnunuzi anawachukua na kasoro zao zote. Walikufa, wakawaambukiza wengine, na muuzaji akashinda. Maneno hayo ya "alivyo, na kasoro zake" bado yanaandikwa kwenye risiti za mifugo hapa kwetu, na watu wanayatia sahihi bila kuyasoma. Ukiyaona, jua muuzaji amekwisha kujivua. Mwambie ayafute au upunguziwe bei.

Tusidhani kwamba kumbana muuzaji wa mnyama ni fikra mpya. Warumi wa kale walikuwa na amri ya masoko iliyomlazimu muuzaji wa wanyama wa kazi kutangaza kasoro zao, na wanasheria wao waliandika bayana kwamba ng'ombe anayepiga pembe ana kasoro, na vilevile mnyama anayeshtuka bila sababu na kuponyoka. Mwambao wetu una mafundisho yaliyo karibu zaidi. Katika biashara ya Kiislamu mnunuzi ana khiyari: akikuta kasoro iliyokuwapo kabla ya kununua, ana haki ya kurudisha. Hadithi mashuhuri inamhusu mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa ili kiwele kijae na kumlaghai mnunuzi. Mnunuzi huyo amepewa siku tatu. Akimrudisha, amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokunywa. Tazama hukumu hiyo ilivyo na mizani. Muuzaji hali faida ya udanganyifu wake, na mnunuzi hali maziwa ya bure. Hatuoni sababu ya mashamba yetu yenye kompyuta na vitabu vya ukoo kuwa nyuma ya hapo.

Ndama wa maonyesho kama biashara kamili wamekuzwa zaidi Marekani, na inafaa tujifunze kwao kabla hatujayarudia makosa yao. Huko vilabu vya 4-H, vilivyoanzia Ohio mwaka 1902, vimewafanya watoto wa shule kuwa wanunuzi wakubwa wa ndama. Mtoto hununua ndama majira ya mwisho wa mwaka, akishaachishwa kunyonya, akamlea na kumfundisha kamba, kisha akamwonyesha kiangazi kinachofuata. Maksai aliyenunuliwa akiwa na kilo 250 huingia uwanjani akiwa amevuka kilo 550. Bei za ndama wenye ukoo wa ushindi hupanda kupita kiasi, na tamaa ya umbo imewafanya wengine wasahau upole. Masharti ya mauzo ya vyama vya wafugaji huko yanadhamini hasa uzazi: fahali asiyepandisha ana njia ya kurudi. Maksai wa maonyesho hana uzazi wa kudhaminiwa, kwa hiyo kwa kawaida huuzwa alivyo, na baadhi ya majimbo yamepunguza kwa sheria dhamana ambayo mnunuzi wa mifugo angeipata bila kuandikwa. Familia hubaki kutegemea hisani ya muuzaji. Wauzaji wanaojali jina hubadilisha ndama bila kelele. Wasiojali hawapokei simu.

Sisi tuna uhusiano na jambo hilo. Vilabu vyetu vya 4K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifuata mfano wa 4-H miaka ya uhuru, vikafifia, vikafufuliwa mwaka 2021. Vingi vimeanza na mboga, kuku na sungura, na ndivyo inavyofaa. Lakini shule zenye shamba hupeleka ng'ombe kwenye maonyesho, na klabu inayofanya vizuri kwa sungura itataka ndama kesho. Mwalimu mlezi atakayetumwa kununua huenda ni mwalimu wa hesabu. Atakwenda na fedha za wazazi, atakutana na muuzaji aliyeuza ng'ombe maisha yake yote, na atategemea neno lake. Mtu wa namna hiyo ndiye sheria na desturi zinapaswa kumkinga.

Sasa mnunuzi. Hatutamtetea anayemharibu ndama kisha akataka kumrudisha. Ndama mpole akichapwa, akifungwa siku nzima juani, akichezewa kichwani na watoto hadi ajifunze kusukuma, huwa mkali, na huo si ukali wa muuzaji. Ndama mgeni ana siku za kuhangaika. Ametolewa kwa wenzake, amesafirishwa, kila harufu ni ngeni. Siku tatu za kwanza asihukumiwe. Apewe maji, majani, utulivu, na mtu mmoja wa kumlisha, awe ni yule yule atakayemwongoza. Hatamu atiwe akiwa zizini, afungwe kwa kamba fupi, kichwa kikiwa juu kidogo, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na mtu mzima awepo. Kamba isizungushwe mkononi kamwe. Wengi wamevunjika vidole na mikono kwa sababu hiyo. Wakati wa kumfundisha kutembea, kamba ikazwe, na mara tu anapopiga hatua moja mbele ilegezwe papo hapo. Kulegea huko ndiko kunakomfundisha. Anayeendelea kuvuta baada ya ndama kutii amemfundisha kwamba kutii hakuna faida.

Ndama mwenye tabia ya kawaida, akishughulikiwa hivyo kila siku, huanza kuonyesha badiliko katika wiki mbili hadi tatu. Bado atakuwa na ukaidi, lakini atakuwa anasimama akifungwa, anakubali kuguswa shingo na mbavu, anapiga hatua kadhaa kwa kamba. Ambaye baada ya wiki tatu bado anashambulia, anajipiga ukutani akiona mtu, au anageuka kumtafuta aliyeshika kamba, huyo hakufaa kuuzwa kwa mtoto. Mfugaji mzoefu hupambanua kati ya ndama mwoga na ndama mshari kwa kumtazama dakika chache, na muuzaji ni mfugaji mzoefu.

Kwa hiyo tunapendekeza muda wa kurudisha uwe siku 21, kwa kila ndama anayeuzwa kwa ajili ya maonyesho au kwa klabu ya shule. Mnunuzi atoe taarifa kwa maandishi ndani ya muda huo. Muuzaji awe na haki ya kutuma mtu wake kwanza kuja kumwona mnyama na kuonyesha namna ya kumshika, kwa sababu mara nyingi tatizo huisha hapo. Lisipoisha, abadilishe ndama au arudishe fedha. Ndama arudi akiwa na afya aliyoondoka nayo, bila majeraha ya kupigwa, na gharama ya gari igawanywe nusu kwa nusu. Mnunuzi aliyemkondesha mnyama au kumjeruhi apoteze haki hiyo.

Muuzaji asiyetaka dhamana hiyo hatumlazimishi. Aandike kwenye hati ya mauzo kwamba ndama hajafundishwa kamba na kwamba hafai kushikwa na mtoto, na auze kwa bei inayolingana. Wapo wafugaji wenye vibarua, krashi na uzoefu watakaomnunua kwa furaha. Tunachokataa ni kuuza ndama wa porini kwa bei ya ndama aliyefundishwa, kisha kujitetea kwa risiti.

Tunataka pia muuzaji aulize swali moja kabla ya kupokea fedha: nani atashika kamba? Akijibiwa kwamba ni binti wa miaka 11, na ndama aliye mbele yao anazungusha macho hadi weupe unaonekana, anapiga mkia, anakunya mara kwa mara na masikio yameganda kumwelekea mtu, amkatalie mnunuzi, hata kama fedha ziko mezani. Wapo wafugaji wanaofanya hivyo leo. Wanapoteza mauzo ya siku moja, na wateja wao hurudi mwaka baada ya mwaka.

Mnunuzi naye, siku ya kwenda kumwona ndama, afike bila kumwambia muuzaji saa kamili, na amwone akitolewa zizini tangu mwanzo, si akiwa tayari amefungwa mtini. Aombe mtu wa shamba ampitishe kwa kamba mbele yake, amfunge, ainue kila mguu, amfungue, ampandishe kwenye gari na kumshusha. Kisha mtu wa shamba asogee pembeni na atakayemwongoza ndama ashike kamba mwenyewe, mtu mzima akiwa karibu. Mnyama anayetoa mate bila kula, kope zimelegea na miguu inayumba, si mpole; aachwe hapo na mnunuzi arudi siku nyingine na daktari wa mifugo. Haya yote hayachukui saa nzima.

Jambo moja linatuuma kuliko yote. Ndama aliyerudishwa kwa ukali anaenda wapi? Mara nyingi anaenda mnadani Jumamosi inayofuata, akanunuliwa na familia nyingine isiyojua lolote, na mtoto mwingine akakabidhiwa kamba ile ile. Anayefanya hivyo, awe mfugaji, dalali au mzazi aliyechoka, anajua anachokifanya. Ng'ombe mshari wa kweli ana njia mbili za heshima: kwenda kwa mfugaji mwenye uwezo wa kumdhibiti, aliyeambiwa ukweli wote, au kunenepeshwa na kuchinjwa. Hasara ya bei ya ndama ni ndogo kuliko ubavu wa mtoto uliovunjika.

Kuanza si kazi kubwa. Mfugo anayesafirishwa nchini tayari anahitaji kibali cha ofisa wa mifugo, na ng'ombe wa ukoo wana karatasi zao za Kenya Stud Book, daftari lililokuwapo tangu mwaka 1920. ASK inaweza kuandaa hati ya ukurasa mmoja ya mauzo ya ndama wa maonyesho: umri, ukoo, chanjo, amelelewa kwa ndoo au kwa kunyonya, amefundishwa kamba au la, aliwahi kumjeruhi mtu au la, amepewa dawa gani siku saba zilizopita, nani atamwongoza, na siku 21 za kurudisha. Sahihi mbili, shahidi mmoja. Ndama wa shule asiye na hati hiyo asisajiliwe kwa mashindano. Muuzaji aliyeandika uongo afungiwe kuonyesha na kuuza kwenye viwanja vya chama kwa msimu mzima, na jina la shamba lake lisomwe.

Tunaiomba ASK, pamoja na walimu walezi wa 4K, ikae na wafugaji wakubwa kabla ya msimu ujao na kuipitisha hati hiyo. Mwalimu ambaye klabu yake inanunua ndama muhula huu asingoje: achukue karatasi ya daftari, aandike maswali hayo kwa mkono, na asitume shilingi hata moja kabla muuzaji hajayajibu na kutia sahihi.